Maneno marefu tunayo, mafupi ndiyo yanatuangusha

Mwaka jana dada mmoja wa promosheni yetu aliandika barua kwa ofisi moja inayotoa ufadhili wa masomo ng'ambo. Siku nne kabla alikuwa amefanya mtihani wa Kiingereza wa kiwango cha B2, na matokeo yalikuwa bado. Ofisi ilitaka kujua tu amefika wapi. Akaandika bila wasiwasi: "I passed the exam on Saturday." Moyoni mwake alikuwa anasema ukweli mtupu. Jumamosi aliingia chumbani, akakaa, akajibu maswali, akatoka. Kwa Kifaransa "passer un examen" ni hivyo tu: kufanya mtihani, ufaulu usifaulu. Lakini kwa Kiingereza alikuwa ametangaza kwamba amefaulu. Wiki kadhaa baadaye matokeo yakaja, na alama zilikuwa zimepungua kidogo. Ofisi ikamwandikia mistari miwili ya kumwuliza kwa nini alidanganya. Alijibu, akaeleza, akaomba radhi. Hakuna aliyemrudishia neno.

Kisa hiki kimenikaa moyoni kwa sababu dada huyu si mvivu. Alikuwa na daftari la maneno zaidi ya elfu mbili, kila neno la Kiingereza na tafsiri yake ya Kifaransa pembeni. Neno "pass" lilikuwemo, na mbele yake ameandika "passer". Siku ile niliposikia habari yake nilijiuliza swali moja: je, kama angeiwaza sentensi ile kwa Kiswahili, angeanguka? Nadhani hapana. Mama yake, ambaye anauza unga sokoni na hajakanyaga chuo kikuu, hawezi kuchanganya kufanya mtihani na kufaulu mtihani. Kwake ni vitu viwili, na kila kimoja kina neno lake. Binti alikuwa na jibu nyumbani, akaenda kuliazima kwa jirani.

Hoja yangu ni hii. Sisi wanafunzi wa Kiingereza hapa Kongo tunajifunza msamiati wa B2 kwa kupita daraja moja tu, la Kifaransa. Daraja hilo ni zuri na linatufikisha mbali, lakini linatufikisha kwenye maneno marefu ambayo tayari tunayo. Mtihani unatuangusha kwenye maneno mafupi, na kwa hayo daraja letu la pili, Kiswahili, tumeliziba wenyewe.

Tuanze na mtihani wenyewe. Kiwango cha B2 ni ngazi ya nne kati ya sita katika mfumo uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, kutoka A1 hadi C2. Ni ngazi ya mtu ambaye anaweza kusoma makala ya gazeti, kutetea maoni yake na kuzungumza na mwenye lugha bila kila mmoja kutoa jasho. Vyuo vingi na ofisi nyingi za ufadhili zinaitaka hiyo au zaidi. Katika mtihani wa Cambridge uitwao B2 First, karatasi ya kusoma na kutumia lugha inachukua dakika 75 na ina maswali 52. Sehemu ya kwanza inakupa nafasi nane zilizo wazi, na kila nafasi ina maneno manne ya kuchagua ambayo mara nyingi yanafanana maana. Linalokubalika ni lile linaloandamana na jirani yake. Sehemu ya pili ina nafasi nane bila maneno ya kuchagua, na kinachotafutwa mara nyingi ni vineno kama "up", "for", "of", "as". Sehemu ya tatu inakupa shina la neno ulipandishe au ulishushe: kutoka "possible" utoe "impossibility". Sehemu ya nne inakupa sentensi, uiseme upya kwa maneno mawili hadi matano ukitumia neno walilokupa bila kuligeuza.

Ukiangalia vizuri, ni sehemu ya tatu peke yake ambamo msomaji wa Kifaransa anaingia akiwa tajiri. Katika sehemu nyingine tatu, Kifaransa kinakusaidia kidogo, na mara nyingine kinakusukuma shimoni.

Sababu yake ni ya kihistoria, na inatuhusu kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka kaskazini ya Ufaransa, wakaiteka Uingereza. Kwa vizazi kadhaa watawala, mahakimu na wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa, na mkulima akabaki na Kiingereza chake shambani. Ndiyo sababu hadi leo mnyama akiwa malishoni anaitwa kwa neno la mchungaji, "cow", na akiwa mezani anaitwa kwa neno la bwana, "beef". Maneno ya serikali, ya sheria, ya elimu na ya dini yaliingia kwa maelfu kutoka Kifaransa na Kilatini: "government", "justice", "prison", "marriage". Maneno ya nyumbani yakabaki yale yale mafupi ya wenyeji: "get", "put", "take", "give", "let", "run", pamoja na "up", "down", "off" na "out" zinazoyafuata nyuma kama watoto wanaomfuata mama sokoni.

Nani kati yetu hatambui hali hiyo? Katiba yetu ya 2006 inasema Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, yaani Tshiluba, ni lugha za taifa. Maana yake katika maisha: barua ya ofisini, silabasi na hukumu ya mahakama ni Kifaransa, kulia, kucheka, kudai deni na kumfariji mgonjwa ni Kiswahili. Waingereza wa zamani waliishi hivyo hivyo, lugha moja ya ofisini na nyingine ya jikoni, na Kiingereza cha leo ni mchanganyiko wa hizo mbili. Basi ni jambo la kawaida kabisa kwamba nusu ya ofisini tunaifikia kwa Kifaransa chetu cha ofisini. Na nusu ya jikoni je? Tunataka kuifikia nayo kwa Kifaransa cha ofisini, kisha tunashangaa mlango haufunguki.

Ninakiri mapema kwamba zawadi ya Kifaransa ni kubwa, na asiyeishukuru ni mjinga. Mwaka 2000 mtaalamu Averil Coxhead alitoa orodha ya koo 570 za maneno ya kitaaluma ya Kiingereza. Sehemu kubwa ya maneno hayo yana asili ya Kilatini na Kigiriki. Mwanafunzi kutoka nchi isiyo na Kifaransa anayalia miezi mingi. Sisi tukifungua orodha ile tunakutana na nyuso za watu tunaowafahamu: "analyse", "concept", "structure", "economy". Ni mali ya bure. Lakini mali ya bure ina hatari yake, maana haikuhesabiwa. Kuna "assume", ambalo kwa Kiingereza ni kudhania jambo kabla ya kulithibitisha, lakini mwanafunzi wetu anaona "assumer" na kuandika kwamba anabeba jukumu. Kuna "actually", ambalo ni "kwa kweli", wala si "kwa sasa". Kuna "sensible", mwenye busara, ambalo sisi tunampa mtu anayelia upesi. Kuna "assist", kusaidia, ambalo tunalitumia kusema tulihudhuria arusi. Ukiandika "I assisted at my sister's wedding", msomaji wa Uingereza atajua ulibeba masufuria.

Halafu kuna neno ambalo kwangu ni mfano bora kuliko yote. Kwa Kifaransa mtu asiyetimiza ulichomtegemea "t'a déçu". Mwanafunzi anatafuta neno linalofanana, anapata "deceive", anaandika: "My brother deceived me." Sasa ndugu yake amekuwa tapeli, kwa maana "deceive" ni kudanganya. Lakini nyumbani kwetu mtu anasemaje? Anasema: "Kaka ameniangusha." Na Kiingereza kinasemaje? "My brother let me down." Aliniacha nikaenda chini. Picha ni ile ile: mtu uliyemwegemea amesogea, wewe umeanguka. Mwenye Kiswahili hahitaji kukariri kitu hapo. Anahitaji tu mwalimu mmoja amwambie kwamba anaruhusiwa kuanzia nyumbani.

Nimekuwa nikikusanya mifano ya namna hii tangu mwaka jana, na kila ninapotafuta ninapata. Chukua sehemu ya nne ya mtihani. Wanakupa sentensi "There is no sugar left", na neno "run". Unatakiwa uandike: "We have run out of sugar." Wengi wanakwama hapa kwa sababu sukari iliyokuwa mwanzo wa sentensi imeondoka mwanzoni, na sisi tumekaa mahali pake. Lakini mama yeyote hapa Lubumbashi anafanya zoezi hilo kila mwisho wa mwezi bila kujua kwamba ni zoezi: "Sukari imeisha." "Tumeishiwa sukari." Kwanza sukari, kisha sisi. Kiambishi kidogo cha nyuma kimegeuza sentensi nzima, na hakuna aliyekwenda shule kwa ajili hiyo.

Chukua tena mshonaji. Kwa Kiingereza, aliyeshona mwenyewe anasema "I made a dress". Aliyempelekea fundi anasema "I had a dress made". Ni jambo la kiwango cha B2 hasa, na katika kazi zetu za darasani nimeona "I made sew a dress", ambayo ni "faire coudre" iliyovalishwa kofia ya Kiingereza. Lakini sisi tunajua tofauti ya kushona na kushonesha. Aliyeshonesha kitenge hakushika sindano. Ukianza na neno "kushonesha", utajua mara moja kwamba Kiingereza nacho lazima kiwe na namna yake ya kusema jambo hilo, na utaitafuta mahali pake.

Tukubaliane pia juu ya maneno yanayoandamana. Wanafunzi wanalalamika: kwa nini ni "take a photo", "make a mistake", "do homework", "pay attention"? Mantiki iko wapi? Jibu ni kwamba hakuna mantiki, kuna desturi, na sisi tungekuwa wa mwisho duniani kushangaa. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga magoti, na katika yote hayo hakuna anayeumia. Tunakula kiapo, tunakula rushwa, tunakula hasara, na tumbo linabaki tupu. Mtoto wa Kiswahili anajua kabla ya miaka sita kwamba neno haliishi peke yake, na kwamba "piga" halina tafsiri moja bali lina marafiki wengi. Mtoto huyo akikua, akaja kwetu kitivoni, tunamfundisha kwamba "take" ni "prendre", nukta. Tunamnyang'anya akili aliyokuja nayo.

Hapo ndipo ninapogombana na zile orodha. Nazifahamu, maana nimenunua nami. Kila mwaka karibu na mitihani zinauzwa mahali pa fotokopi: kurasa arobaini, safu mbili, Kiingereza kushoto na Kifaransa kulia, kwa alfabeti. Ziko pia kwenye simu, zinazunguka katika makundi ya wanafunzi. Zinaleta faraja kubwa, maana unaweza kuhesabu. Leo nimeshika maneno hamsini, kesho hamsini. Lakini mtihani haukuulizi kama unalifahamu neno kwa sura. Unauliza linakaa na nani, linasemwa kwa nani, na likipoteza kineno chake cha nyuma linakuwa nani. "Look for", "look after", "look into", "look up to": katika orodha ya alfabeti yote ni mstari mmoja, "look: regarder". Kwa Kiswahili ni kutafuta, kutunza, kuchunguza na kumheshimu mtu. Ni vitendo vinne ambavyo hakuna mtu mwenye akili angevichanganya.

Nina mjomba ambaye ni dereva wa lori kwenye njia ya Kasumbalesa, anabeba shaba hadi upande wa Zambia na kurudi na mizigo mingine. Aliacha shule mapema. Siku moja nilimsikia kwenye simu akimwambia mwenzake wa upande wa pili: "We ran out of fuel, they turned us back." Nilisimama. Mimi, mwenye miaka mitatu kitivoni, ningesema "we had no more fuel" na "they refused us the passage".

Nikamwuliza: "Mjomba, hayo maneno ulijifunza wapi?"

Akacheka. "Mwipwa wangu, barabarani hakuna kamusi. Mafuta yakikuishia, unasikia wenzako wanasemaje, na wewe unasema hivyo hivyo. Usiku ule wa baridi hautasahau."

Sitaki kumfanya mjomba kuwa profesa. Yeye mwenyewe angekwama kwenye insha ya maneno 140 hadi 190 ambayo B2 First inadai, na barua yake rasmi ingejaa makosa. Anazo nusu za jikoni, hana za ofisini. Sisi tuna za ofisini, hatuna za jikoni. Ila yeye ana njia tunayoweza kujifunza: alipokea maneno yakiwa ndani ya sentensi, ndani ya tukio, na akayaunganisha moja kwa moja na maisha aliyokuwa anayaishi kwa Kiswahili. Hakupitia Paris.

Jambo hili linaonekana pia katika kuandika na kusema. Katika mtihani huo wa Cambridge, maandishi yanapimwa kwa vigezo vinne, na kimojawapo kinaangalia kama umeandika kwa namna inayomfaa unayemwandikia. Katika IELTS, msamiati peke yake ni robo ya alama za kuandika na robo ya alama za kuzungumza. Sasa mwambie mwanafunzi wetu amwandikie rafiki barua pepe ya kumwalika nyumbani. Ataandika: "I would desire to demand if you are disponible." Kwanza, "demand" ni kudai kwa ukali, na "disponible" si neno ambalo Mwingereza atalielewa. Lakini hata tukisahihisha, sauti inabaki ya mkuu wa mtaa anayefungua mkutano. Rafiki anaandikiwa "Are you free on Sunday? Come over." Maneno mafupi, ya jikoni. Kwa Kiswahili mwanafunzi huyo huyo angemwandikia rafiki: "Jumapili una nafasi? Pita nyumbani." Anajua kabisa namna ya kuzungumza na rafiki. Anaipoteza njiani, anapovuka daraja la Kifaransa akiwa amevaa suti.

Najua majibu yatakayokuja, nami nayaheshimu. La kwanza ni la walimu wetu wengi: Kiingereza kifikiriwe kwa Kiingereza, lugha nyingine zibaki nje ya mlango. Lingekuwa neno la haki kama lugha zote zingebaki nje. Lakini hazibaki zote. Kifaransa kimekaa mstari wa mbele: kwenye kamusi, kwenye silabasi, kwenye maelezo ya mwalimu ubaoni. Ni Kiswahili tu kinachoambiwa kisubiri uani. Na wengi wetu tumelizoea jambo hilo tangu utotoni. Katika shule ya msingi niliyosoma, mtoto aliyesema lugha ya nyumbani alivalishwa kibao shingoni mpaka ampate mwingine wa kumvalisha. Tulijifunza kwa kibao kile kwamba lugha ya nyumbani ni kosa. Kibao kimeondoka shingoni, lakini sina hakika kama kimeondoka kichwani.

Jibu la pili: si kila mwanafunzi hapa ana Kiswahili. Ni kweli. Tuna wenzetu wa kutoka Kasai, wa kutoka Kinshasa, wa kutoka Kongo ya Kati. Lakini Kiluba, Kilingala na Kikongo ni ndugu wa Kiswahili. Nazo zinageuza kitendo kwa kiambishi cha nyuma, na kila moja ina maneno yake yanayotembea wawili wawili. Ninachosema juu ya Kiswahili, mwenzangu akiseme juu ya lugha ya mama yake. Naamini atapata mifano ambayo mimi sina.

Jibu la tatu ni zito zaidi: Kiswahili nacho kina mitego. Hilo sikatai. Tunasoma kitabu na tunasoma chuoni, neno moja, ambapo Kiingereza kinatenga "read" na "study". Tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia harufu, na hapo Kiingereza kina maneno matatu. Kuazima kunaweza kuwa kutoa au kupokea, na kwa sababu hiyo "borrow" na "lend" zinatupiga wote. "Yeye" haituambii kama ni mwanamume au mwanamke, na ndiyo maana katikati ya mazungumzo mama wa mtu anageuka "he". Hata ule mfano wangu wa kuishiwa una mwisho wake: "niliibiwa simu" inakufundisha kwamba sentensi inaanza na mimi niliyepata hasara, na hiyo ni kweli kwa "I had my phone stolen", lakini ukitafsiri neno kwa neno utaandika "I was stolen", na utakuwa umeibiwa wewe mzima mzima.

Lakini tazama tofauti. Mitego ya Kifaransa tunafundishwa. Kuna sura nzima juu yake katika kila silabasi, na tunajua kuiogopa. Mitego ya Kiswahili hatufundishwi kabisa, kwa sababu tunajifanya kwamba Kiswahili hakimo chumbani. Kimo. Kimo katika kila kosa la "he" na "she". Lugha iliyofukuzwa mlangoni imeingia kwa dirisha, na inafanya madhara yake bila kutupa faida zake.

Kwa hiyo tufanye nini? Mimi na wenzangu wanne tumeanza jambo dogo, nami nalieleza jinsi lilivyo ili anayetaka alijaribu. Daftari letu lina safu tatu. Ya kwanza ni sentensi nzima ya Kiingereza, kamwe si neno peke yake, na iwe sentensi tuliyoisikia au kuisoma mahali. Ya pili ni namna ambavyo jambo hilo hilo linasemwa nyumbani, kwa Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi, wala si lazima kiwe cha kitabuni. Ya tatu inaitwa "mtego": hapo tunaandika kosa ambalo Kifaransa au Kiswahili kinaweza kutufanyisha. Kwa siku tunaweka sentensi sita au saba, basi. Wengine wanatucheka wakisikia saba, maana wao wanakariri hamsini.

Tunarudia kwa mpangilio. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, kisha polepole, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunashinda kukariri usiku mmoja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza njia ya kadi na masanduku: kadi uliyoijua inasonga kwenye sanduku linalofunguliwa kwa nadra, uliyoikosa inarudi kwenye la kwanza. Sisi tumetumia maboksi ya viatu na karatasi zilizoandikwa upande mmoja. Hakuna umeme unaohitajika, na hilo si jambo dogo katika mtaa ambao taa zinakatika saa moja jioni.

Jumamosi tunakaa saa mbili. Mmoja anasoma safu ya Kiswahili, wengine wanatoa Kiingereza. "Amekata tamaa." "He's given up." "Mkutano umeahirishwa." "The meeting has been put off." "Siwezi kumvumilia tena." "I can't put up with him any more." Tunacheka sana, na nadhani kicheko kile ni sehemu ya dawa, maana mtu anacheka anapogundua kwamba maneno ya kigeni yanasema mambo ya kwao.

Kwa walimu wetu ninaomba kitu kimoja tu, tena kwa heshima. Katika kozi ya msamiati, watupe saa moja kwa juma ambapo Kiswahili kinaruhusiwa kuingia kwa mlango, kikae, kilinganishwe na Kiingereza mbele ya watu wote, sifa zake na mitego yake. Tuna wataalamu wa Kiswahili katika kitivo hiki hiki, ngazi moja chini ya idara ya Kiingereza. Wakikaa na wale wa Kiingereza kuandaa sura moja ya silabasi, watakuwa wametupa kitabu ambacho hakiuzwi London. Na haja ipo: tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiingereza kinatawala karatasi na Kiswahili kinatawala mazungumzo ya nje ya mkutano. Watakaotafuta kazi huko watahitaji mtu anayeweza kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kupotelea katikati.

Yule dada amejiandikisha tena. Ada inalipwa kwa dola, na safari hii mama yake na wajomba zake wamechanga, kwa hiyo hakuna mchezo. Anakaa nasi Jumamosi, na ukurasa wa kwanza wa daftari lake jipya umeandikwa sentensi mbili kwa kalamu nyekundu. "I took the exam: nilifanya mtihani." "I passed the exam: nilifaulu." Chini yake, katika safu ya mtego, ameandika tarehe ya ile barua. Mwezi ujao tutaingia naye chumbani, watano pamoja. Tukitoka, tutaiandikia ofisi sentensi ya kwanza. Ya pili tutasubiri matokeo.